Shombo Sebuleni

Kila asubuhi, kabla sijawasha moto wa chai, nilikuwa natoa kikombe cha povu. Kilikaa nyuma ya tangi la samaki, juu ya mrija uliopulizwa hewa na pampu, na kazi yake ilikuwa kukusanya uchafu wa maji. Uchafu ulipanda na povu, ukaangukia kikombeni, ukalala humo hadi ukawa rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili. Ningesema ulinuka kama samaki aliyeoza, lakini samaki aliyeoza namjua, nimempita sokoni Litein mara nyingi. Uvundo huu ulikuwa mzito zaidi na ulishika kooni kama mafuta. Nilikibeba kikombe mkono ukiwa umenyooka, uso nimeugeuza kando, nikapita katikati ya nyumba yangu mwenyewe nimeshika pumzi kama mtu anayepita karibu na choo cha soko.

Niseme ukweli: sikuwapenda wale samaki. Sikulipenda lile tangi wala mashine zake zilizonguruma mchana kutwa. Nililitunza kwa ajili ya mume wangu, naye aliling'ang'ania kwa ajili ya kijana wetu, ambaye tulikuwa tumemzika pale chini shamba la majani chai linapopakana na mikaratusi.

Sisi kwa asili si watu wa samaki. Mama yangu alimhesabu samaki pamoja na nyoka, na nilipokuwa msichana mtu aliyekula samaki alisemwa kwa sauti ya chini. Siku hizi watu wanakula. Hata mimi nimekula omena nikialikwa, nikazisukuma kwa maji mengi. Lakini kula kunaisha. Kukaa na samaki sebuleni, chini ya kalenda ya kanisa na picha ya arusi yako, ni jambo lingine.

Kijana wetu alikuwa akifanya kazi Nairobi, kwenye duka la samaki wa mapambo. Alizunguka kwenye ofisi na kliniki za watu akiwaoshea matangi. Figo zilipomshinda alirudi nyumbani, na gari lililomleta lilikuwa na begi moja la nguo, tangi dogo la kioo lililofungwa kwa blanketi, na ndoo zenye vifuniko. Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, kila mmoja sawa na kidole gumba changu, konokono kadhaa, na mnyama mmoja ambaye hadi leo sijui nimlinganishe na nini. Yeye alimwita anemoni. Alikuwa laini kama kiwele kilichokwisha kukamuliwa, rangi ya nyama mbichi, mwenye vidole vingi visivyo na mifupa vilivyopepea majini. Katikati alikuwa na tundu moja. Hilo lilikuwa mdomo, na hilo hilo lilikuwa njia ya haja. Mwanangu aliponieleza hivyo aliutazama uso wangu akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, usimwangalie hivyo. Hata yeye anakuona mbaya."

"Hana macho."

"Basi amebarikiwa."

Alikuwa na mzaha wa namna hiyo hata macho yake yalipovimba na miguu ikajaa maji.

Mikono yake ilianza kutetemeka, hakuweza tena kushika chupa ndogo, kwa hiyo nilifundishwa mimi. Nilisoma hadi darasa la saba. Yeye alilala kwenye kochi akinielekeza kwa kidevu. Bahari, kumbe, mtu anaweza kuitengeneza kwa ndoo. Maji yalikuwa ya mvua, na kwetu mvua haina uchoyo. Ila hakutaka maji ya mwanzo yanayotoka kwenye mabati, kwa sababu ya masizi na madini ya bati lenyewe. "Acha mvua ioge nyumba kwanza," alisema, "ndio uweke pipa." Chumvi yake haikuwa ya jikoni. Ilikuwa chumvi ya bahari iliyokuja kwa ndoo kutoka Nairobi, nyeupe na laini, na ndani yake mlikuwa na vitu vingine ambavyo konokono hujengea magamba. Nilikoroga, nikaiacha itulie, kisha nikapima kwa kifaa kidogo kinachotazamwa kama darubini. Unadondosha tone moja kwenye kioo chake, unakielekeza dirishani, na ndani unaona bluu juu na nyeupe chini. Pale zinapokutana ndipo ilipofika chumvi.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa kujazia. Tangi lilikuwa na hita, maana baridi ya kwetu ingewaua wale samaki kabla ya chakula cha mchana, na maji yenye joto yanapungua. Nilitaka kujazia maji ya chumvi. Akakataa.

"Mama, supu ikikauka jikoni, unaongeza nini?"

"Maji."

"Huongezi chumvi?"

"Chumvi bado iko."

"Basi umemaliza shule."

Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Hilo nililielewa. Nilielewa pia chupa za matone: unachota maji kidogo ya tangi, unaweka matone, unatikisa, unangoja. Ikikaa manjano ni sawa. Ikigeuka kijani kuna amonia, yaani mikojo ya samaki na chakula kilichooza ambacho maji yameshindwa kukisafisha. Dawa yake ni kutoa sehemu ya maji na kuweka mengine mapya. Yeye mwenyewe alikuwa akipelekwa hospitalini Kericho kuoshwa damu, na alirudi amekauka kama ganda la mhindi. Siku moja alinitazama nikimimina ndoo akasema, "Mimi na hiyo tangi tuko wodi moja." Sikucheka.

Daktari alimkataza chumvi. Nilikuwa nampikia mboga zisizo na chumvi, ugali na maziwa kidogo sana, huku nikipima chumvi ya samaki kwa kikombe. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Katika ugonjwa wake wote sikuona kinyaa. Nilimwosha. Nilibadilisha mashuka ambayo wengine wangeyachoma. Pumzi yake mwishoni ilinuka mkojo, nami niliweka uso wangu karibu na uso wake nisikie anachosema. Mikono yangu haikukataa chochote. Nilidhani nimeumbwa hivyo. Kumbe kinyaa kilikuwa kimesimama nje ya mlango kikingoja watu wamalize kuzika.

Kiliingia chote kwa mara moja. Kilianza na utando wa maziwa juu ya chai. Baadaye mchuzi ulioganda kwenye sahani za waombolezaji, sahani juu ya sahani, na mfupa uliotafunwa ukarudishwa kando ya ugali ambao haukuguswa. Nilichukia mikono ya watu walionishika mkono, mingine yenye unyevu. Nilichukia midomo iliyosema Mungu amempenda zaidi, na kati ya meno niliona wali. Walikuwa watu wema. Walibeba kuni, walichota maji, walinipikia. Hiyo haikubadilisha kitu. Niliwaona wanatafuna.

Nao waliwalisha samaki. Katika nyumba ya matanga hakuna anayekaa bila kula, hata mbwa hushiba, na wageni waliona si haki wale wadogo waachwe. Mmoja aliweka mkate. Mwingine alivunja andazi. Mzee mmoja wa kanisa alidondosha ugali, akasimama mikono nyuma kungoja uliwe. Ugali ulishuka pole pole, ukalala mchangani, ukaota manyoya meupe. Niliutoa kwa mrija nikiwa nimejifunga kitenge puani, na maji niliyoyapima yakawa kijani kama majani mabichi ya chai. Nilibadilisha maji nikiwa na nguo za matanga. Watu walinitazama wakafikiri huzuni imenigeuza kichwa.

Aliyecheka peke yake alikuwa jirani yangu, mama aliyetoka upande wa ziwa, ambaye mumewe anafanya kazi kiwanda cha chai. Yeye hajawahi kuogopa kunichokoza, hata wakati huo.

"Dada, nimeona maajabu. Kwetu samaki akiingia nyumbani, anaingia kwa sufuria. Wewe umemjengea."

"Mchukue basi."

"Huyu? Huyu hata paka angeuliza wenzake wako wapi."

Yule mama nilimpenda kwa sababu hakuniambia Mungu amempenda zaidi.

Watu walipokwisha kuondoka, mume wangu alikaa. Sijui niseme vipi ili nieleweke. Alichukua kigoda cha kukamulia, akakiweka mbele ya tangi, akakaa. Hakwenda shambani. Majani chai yaliota yakapita mkono wa mchumaji. Ng'ombe nilikamua mimi. Aliacha kunyoa. Aliacha kuoga pia, na harufu yake ilichanganyika na ile ya tangi hadi sikujua kipi ni kipi. Nilikuwa nikipita nyuma yake nikiona shingo yake imeota ukoko wa uchafu, na badala ya huruma nilisikia kichefuchefu. Mume wangu wa miaka yote ile.

Lakini niliogopa kuliko nilivyochukia. Baba yake mzazi alikaa vivyo hivyo alipofiwa na mke. Alikaa nje ya nyumba yake, akakataa chakula kwa upole, bila kugombana na mtu, na msimu wa kupanda mahindi haukuisha kabla ya kumzika. Nilikuwa mke mgeni katika boma lile wakati huo na niliona kila kitu. Kwa hiyo nilijua ninachokiangalia.

Kitu kimoja kilimtofautisha na baba yake. Alikuwa akila wakati samaki wanakula. Aliwapa vyakula vyao vidogo, akawatazama wakivinyakua, kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye sahani yake. Wasipokula, naye hakula. Kwa hiyo samaki walipaswa kuishi. Sikuwa na hesabu nyingine. Niliamka kila siku nikatoa kile kikombe cha uvundo, nikakwangua utelezi wa kahawia kwenye kioo, nikaingiza mkono kwenye maji yaliyonata kidogo kama jasho la mtu mwingine, nikapima, ili mwanaume mmoja ale ugali.

Tuligombana juu ya chakula tu.

"Mzee, umewapa tena?"

"Kidogo."

"Hii maji imekuwa kijani."

"Walikuwa wananiangalia."

"Samaki wanaangalia kila mtu. Hawana kope."

Chini ya kucha zake mlikuwa na unga wa chakula cha samaki, mwekundu, na kwa kucha zile zile alimega ugali. Nilitazama pembeni.

Chumvi ya bahari iliisha wakati wa mvua kubwa. Nilipigia simu duka la Nairobi, wakasema wataituma kwa gari la mizigo hadi Litein, na nikangoja. Sikuwa na wasiwasi sana. Bila chumvi mpya nisingeweza kubadilisha maji, lakini ningeweza kujazia ya mvua na kupunguza chakula. Nilimwambia mume wangu hivyo. Nilimwambia, chumvi imeisha, tunangoja nyingine. Hayo tu. Sikumweleza habari ya supu, kwa kuwa hakuwahi kuuliza, na kazi ya maji ilikuwa yangu.

Siku zile stima ilikuwa ikipotea kila mara, miti ikianguka kwenye nyaya. Pampu ilinyamaza, hita ikapoa. Nililizungushia tangi blanketi, nikakoroga maji kwa kikombe ili hewa iingie. Samaki walipunguza mwendo. Walikaa karibu na anemoni wao, ndani ya vidole vyake, wakapumua juu juu. Mume wangu aliwaona hivyo.

Siku iliyofuata nilitoka kukamua nikakuta maji yamebadilika. Yalikuwa na ukungu, rangi ya kutu iliyochanganywa na maziwa. Stima ilikuwa imerudi, pampu ilikuwa inafanya kazi, na povu lilikuwa limefurika kwenye kile kikombe likatiririka nyuma ya meza hadi kwenye zulia. Konokono wote walikuwa wamejiachia kwenye kioo, wamelala chini midomo wazi, nyama yao ikining'inia nje ya magamba. Anemoni alikuwa amejigeuza nje ndani. Lile tundu lake lilikuwa limepanuka na matumbo yakatoka kwa hapo, meupe, na vidole vyake vilikuwa vikiyeyuka, vikimwagika majini kama kamasi. Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Mwingine alikuwa juu kabisa, mdomo kwenye hewa. Harufu ilinifikia kabla sijaweka ndoo ya maziwa chini. Nilitoka nje, nikatapika kwenye maua.

Nilirudi. Mume wangu hakuwa kwenye kigoda. Alikuwa amelala chumbani, amegeukia ukuta.

Mwanzoni niliwaza stima. Lakini stima ikipotea maji hayageuki rangi ya kutu. Nilipima amonia, ikawa kijani kizito. Hiyo ilitokana na waliooza, haikuwa chanzo. Nikachukua ile darubini ndogo nikatazama chumvi, nikaona imepanda. Hapo nilisimama. Hatukuwa na chumvi ndani ya nyumba isipokuwa ya jikoni, nayo ilikuwa mahali pake, imefunikwa.

Nilikwenda kwenye zizi. Kule tuna mifuko miwili ya chumvi ya ng'ombe, ile ya madini, ya rangi ya kahawia nyekundu, ambayo tunaimimina kwenye kihori. Mfuko mpya, ambao nilikuwa sijauanza, ulikuwa umefunguliwa upande ambao mimi siufungui, na ndani yake kulikuwa na kikombe cha plastiki cha chakula cha samaki.

Nilielewa yote bila kuambiwa. Mume wangu amefuga ng'ombe tangu akiwa mtoto. Ng'ombe akizubaa, akikataa kula, manyoya yakisimama, unampa chumvi ya madini, na kesho yake anasimama. Haijawahi kumdanganya. Aliwaona samaki wamezubaa, akakumbuka nimesema chumvi imeisha, akaenda kuchukua dawa nzuri kuliko zote anazozijua. Nina hakika alichagua mfuko ule mpya.

Nikasoma maandishi ya mfukoni. Chumvi, chokaa, fosforasi, chuma, na chini zaidi, shaba. Ng'ombe wanaihitaji shaba. Mwanangu alinikataza hata kuacha sarafu karibu na maji yale. Alisema shaba kidogo tu inamaliza konokono na anemoni, na ikizidi inafuata samaki.

Jirani yangu alikuja kurudisha kibuyu, akanikuta nimekaa kwenye ukingo wa kihori na mfuko magotini. Nilimwambia. Hakucheka.

"Stima ilipotea jana?" akauliza.

"Ilipotea."

"Basi ni stima."

"Si stima."

"Dada. Mzee wako ni mgonjwa, unajua hivyo, mimi najua hivyo. Amezika mtoto. Sasa unataka umwambie amezika na vitu vya mtoto? Mwambie ni stima. Stima haina mama wa kulia."

Alikuwa na busara. Nililigeuza lile neno na halikuwa na uzito: ni stima. Mume wangu angeamini, au angejifanya anaamini. Angerudi kwenye kigoda mbele ya kioo kitupu. Halafu angekaa na mimi ningekaa naye, nikijua, na kila akiniomba chai ningemletea nikijua. Nilisikia uchafu wake mdomoni kabla hata sijausema. Kinyaa changu cha siku zile zote kilikuwa cha vitu vya nje, ute, mchuzi, kucha. Hiki kilikuwa cha ndani yangu mwenyewe, na hicho nilijua sitaweza kukitoa kwa kikombe.

Nikaingia chumbani. Alikuwa bado amegeukia ukuta.

"Mzee, uliweka chumvi ya ng'ombe kwa maji."

Alivuta shuka hadi shingoni.

"Walikuwa wamechoka," akasema.

"Najua."

"Ni hiyo?"

Nilikuwa na nafasi ya mwisho hapo. Naikumbuka vizuri. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na ningeweza kujifanya sikusikia.

"Ni hiyo," nikasema. "Ina shaba. Konokono wamekufa na yule mnyama anaoza. Samaki mmoja amekufa au anakufa. Mmoja yuko juu bado anapumua."

Alijigeuza polepole. Nilijiandaa kwa kilio, au kwa ule upole wa baba yake, ambao ndio niliouogopa. Uso wake ulikuwa na alama za shuka. Aliniangalia kwa namna ambayo hakuwa ameniangalia tangu mazishi, kama mtu anayemtafuta aliyemkanyaga.

"Kwa nini hukuniambia hii chumvi na ile si moja?"

"Hukuuliza."

"Na wewe hukusema."

"Sikusema."

"Sasa inafanywa nini?"

"Inatolewa maji. Lakini chumvi ya kuweka mengine haijafika. Iko Litein au iko njiani."

"Umepiga simu?"

"Stima haikuwepo usiku, simu haina chaji."

Alikaa kitandani. Alitafuta gambuti zake chini ya kitanda kwa miguu, bila kutazama, na moja ilikuwa na kitu ndani, sijui panya au mende, akaikung'uta ukutani kwa hasira. Niliona mguu wake ulivyokonda. Akavaa koti la mvua juu ya nguo alizolalia. Mlangoni alisimama mbele ya tangi. Nilifikiri atakaa. Aliliangalia lile jambo mle ndani, lililokuwa likiyeyuka, na uso wake wote ukakunjana.

"Inanuka," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza. Miezi yote ile nilikuwa nanusa peke yangu.

"Inanuka sana," nikasema.

Akakunja mkono wa koti, akaingiza mkono wake majini hadi juu ya kiwiko, akamshika anemoni kwa chini, akavuta. Hakutoka mzima. Sehemu ilibaki kwenye jiwe, ikabidi aikwangue kwa kucha, huku akitema mate sakafuni, jambo ambalo siku nyingine ningemgombeza. Alitoka na lile rundo kwenye kiganja likining'inia, akalitupa nyuma ya choo ambako tulikuwa tunamwaga maji ya chumvi na majani hayaoti tena. Akarudi akamtoa samaki aliyekufa, na konokono mmoja mmoja. Halafu akatoka akiwa na mkono ule ule, akasimamisha pikipiki barabarani, akaenda Litein.

Mimi nilibaki na yule mmoja. Nilichota maji safi ya mvua, nikayapasha moto kwa sufuria hadi yakalingana na ya tangi, nikayamwaga machache machache ndani ya ndoo yenye maji ya zamani, ili ile shaba ipungue bila chumvi kuisha wakati tunangoja. Nilimhamishia humo kwa kikombe. Kila alipofungua mdomo nilimchukia. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, mtu mzuri amekwenda na wewe bado unafungua mdomo. Jirani yangu, aliyekuwa amenifuata hadi mlangoni, alinisikia, akajifanya anatazama mvua.

Mume wangu alirudi amelowa, ndoo ya chumvi imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Mizigo ilikuwa imefika siku ya nyuma, ikalala kwenye ofisi. Alikuwa amegombana na mtu wa ofisi juu ya hilo, na alinieleza ule ugomvi wote, neno kwa neno, akiwa amesimama sebuleni akichuruzika maji, mpaka nikamwambia avue nguo kwanza. Tulikoroga chumvi pamoja. Haikupaswa kutumika haraka hivyo, inapaswa itulie, lakini hatukuwa na nafasi. Nilimfundisha kutazama kwenye darubini. Alifunga jicho lisilofaa, akalaumu kifaa. Nilimwambia habari ya supu. Akasema, "Hiyo hata mimi ningejua," kama mtu aliyenyimwa kitu.

Hatukujua kama yule samaki ataishi. Ameishi. Tulibadilisha maji tena na tena, mchanga tukautupa, mawe tukayatupa, na tangi limebaki kioo kitupu chenye samaki mmoja na kipande cha bomba anachojificha. Halipendezi hata kidogo. Sijaacha kulichukia.

Jioni ya siku ile aliyokwenda Litein, kabla giza halijaingia, mume wangu alichukua ndoo ya maziwa. Sikumtuma. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena kwa majivu, akanusa, akakunja uso, akanawa tena. Kigoda kilikuwa kwenye zizi tayari, maana asubuhi alipoondoka nilikuwa nimekirudisha huko, na hakuna aliyekitaja. Nikamfuata kwa nyuma, nikasimama ambako hawezi kuniona.

Ng'ombe alimtambua. Alimsogelea, akanyoosha shingo, akamnusa koti, akashuka kwenye mkono. Hapo akapiga chafya kubwa, akarudi nyuma hadi ukutani, akayazuia maziwa yake. Mume wangu alimbembeleza. Alimwita kwa jina lake, akampapasa mgongo, akajaribu tena. Ndoo ikapigwa teke dogo.

"Amekataa," alisema bila kugeuka. Kumbe alijua nipo.

"Unanuka shombo, Mzee."

"Nimenawa."

"Nawa na ndimu."

"Tuna ndimu?"

"Hatuna."

Akainuka akanipa ndoo, akasimama kando ya zizi, mikono ameishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika vitu vya wengine. Nilikaa nikaanza kukamua. Aliniuliza kama kwa jirani kuna ndimu. Nikamwambia aende akaulize mwenyewe.